Benz kwa bei ya Premio: namna ya kununua gari la kifahari lililoporomoka bei

Ukizunguka kwa madalali wa Kampala hutachelewa kuikuta Mercedes C200 ya 2009 ikiuzwa kwa bei iliyo jirani na ya Toyota Premio. Mnunuzi wa kwanza alilipia jina na teknolojia. Wa tatu anaogopa gharama za matunzo, na woga wake una msingi, kwa sababu gari limeshuka bei lakini spea zake hazikushuka nalo. Kompresa ya sasipensheni ya Range Rover haijali kama gari ulilipata kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mwenye shilingi milioni 40 za Uganda atafute gari la milioni 28 au chini ya hapo. Zile 12 zinazobaki si za rimu wala taa za urembo. Mwaka wa kwanza utazidai. Kama milioni zote 40 zinaishia kwa muuzaji, Premio ni gari zuri sana.

Chagua modeli kabla hujaenda kuangalia rangi. Mercedes E-Class W211 iliyotengenezwa kabla ya katikati ya 2006 ina breki za umeme za SBC. Pampu yake huhesabu idadi ya mara inapofanya kazi, na hesabu ikifika ukomo gari hutoa onyo jekundu na nguvu ya breki hupungua. Tafuta ya baada ya hapo. Injini za V6 za Mercedes aina ya M272 za mwanzo zina gia ya shafti ya mizani inayolika meno, na kuibadilisha ni lazima injini ishushwe chini. Soma namba ya injini: tarakimu sita za mwisho zikiwa chini ya 468993, uko kwenye kundi lenye ugonjwa huo, na skana ikionyesha kodi ya hitilafu 1200 au 1208, ugonjwa umeshaanza. BMW za dizeli zenye injini N47 za 2007 hadi 2011 ziliwekewa taimingi cheni nyuma ya injini, upande wa gia boksi, na cheni hiyo hukatika. Range Rover Sport na Discovery 3 za dizeli ya 2.7 zinajulikana kwa kukatika krenki. Dizeli hizo mbili, N47 na 2.7, ziache, hata kama muuzaji analia.

Anayetaka starehe bila kugombana na fundi aangalie Lexus RX. Japani, vizazi viwili vya kwanza vya gari hilo viliuzwa kwa jina la Toyota Harrier, kwa hiyo spea zake nyingi utazipata soko la spea la Kisekka bila kuagiza nje. Kwa RX350 za kabla ya 2010 chungulia hozi ya oili ya VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa kufunguka kwa vali. Za mwanzo zina kipande cha mpira ambacho hupasuka na kumwaga oili yote kwa dakika chache. Kibadilishwe kwa bomba la chuma tupu.

Sasa ukaguzi. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Geuza ufunguo bila kuwasha injini na utazame dashibodi: taa ya injini, ya ABS na ya mikoba ya hewa (airbag) lazima ziwake, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa kuna mtu aliyeinyamazisha. Halafu washa, madirisha wazi, redio imezimwa, na usikilize sekunde tatu za mwanzo. Kwenye Mercedes zenye injini M271, yaani C180 na C200 nyingi, mkwaruzo kama wa mnyororo wa baiskeli uliolegea, unaosikika kidogo kisha ukatulia, ni taimingi cheni iliyorefuka na gia za kamshafti zilizolika. Utaambiwa “ni oili tu, badilisha itaisha.” Oili haifupishi cheni.

Skana ndogo ya simu haitoshi, maana nyingi husoma injini peke yake. Lipa fundi mwenye mashine inayosoma gari zima: gia boksi, breki, sasipensheni, mikoba ya hewa. Na kabla ya kusoma kodi, mwambie afungue ukurasa wa vipimo vya utayari. Kompyuta ya gari hujipima yenyewe, katalisti, sensa za oksijeni na kadhalika, na kila kodi zinapofutwa vipimo hivyo huanza upya. Huchukua safari kadhaa kukamilika. Gari ambalo dashibodi yake ni safi lakini karibu vipimo vyote havijakamilika, ama limefutwa kodi juzi au betri ilichomolewa. Lote liwalo, omba kuliendesha tena baada ya siku tatu. Mashine hiyohiyo ilinganishe kilomita za dashibodi na zilizohifadhiwa kwenye kompyuta nyingine za gari, kwa sababu wanaorudisha kilomita mara nyingi hubadilisha mahali pamoja tu.

Liendeshe hadi kilima cha Muyenga, kisha uingie foleni ya Jinja Road na AC ikiwa imewashwa. Mlimani sikiliza gia: zisipige teke, wala injini isipande mzunguko bila gari kuongeza mwendo. Kwenye foleni fundi aangalie joto la maji kupitia skana, hasa kwa BMW E90 (3 Series), ambayo haina kabisa mshale wa joto la maji. Injini ya N52 ya BMW ina pampu ya maji ya umeme ambayo huanza kuchoka kwenye kilomita 100,000 na ushee, na ikifa, injini huchemka ndani ya dakika chache. Upande wa pili, joto likikaa 60 au 70 barabarani halipandi, thamostati imetolewa. Hiyo ni dawa ya gereji nyingi za mtaani kwa gari linalochemka, na maana yake tatizo lenyewe bado liko ndani. Injini ikipoa fungua kifuniko cha maji: ukiona maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti ya rangi, punguza bei au uondoke.

Sasipensheni ya hewa inahitaji usiku mmoja. Egesha mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda pande zote nne, pima tena asubuhi. Kona iliyoshuka ina mkoba unaovuja. Mkoba ukivuja, kompresa hukimbia muda wote kufidia hewa hadi iungue, ndiyo maana anayebadilisha kompresa bila mkoba huibadilisha tena baada ya miezi.

Kwa anayeagiza nje: mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari la miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo uliza ukomo wa sasa kwanza. La Uingereza, weka namba yake ya usajili kwenye tovuti ya serikali ya huko ya historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari. Utaona bure kilomita za kila ukaguzi na lilifelishwa kwa nini. La Japani, dai karatasi ya mnada. Kilomita chache zisikulevye: mpira na plastiki huzeeka kwa miaka. Bondi nako, yaani kwenye yadi za magari yasiyolipiwa ushuru bado, uliza kama bei ni pamoja na kodi za serikali na namba.

Kabla ya kulipa, jina kwenye logbuku liwe la anayekuuzia, na namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye chuma. Tafuta chesisi hiyo kwenye rejista ya dhamana ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili, uone kama gari halijawekwa rehani ya mkopo, na ukague faini za barabarani. Lipa kwa benki.

Wiki ya kwanza: oili na filta, lita 8 kwa M272, 6.5 kwa N52, kisha kila kilomita 7,000 au 8,000, si 25,000 za kitabu cha Ulaya. Oili ya gia boksi hata kama wameandika ni ya maisha. Kwenye gia boksi ya Mercedes ya gia tano, badilisha pia plagi ya pini 13 pembeni yake. Vipira vyake vikivuja, oili hupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta. Vipira ni bei ya chakula cha mchana, kompyuta si hivyo.

Na kama limetoka Japani, redio yake huenda inaishia 90 MHz, kwa hiyo stesheni nyingi za Kampala hutazisikia mpaka ununue kifaa cha kupanua masafa.