Zumu au praimu? Fanya haya kabla hujatoa hela ya lenzi

Wadau, hili swali naulizwa sana na vijana wanaoanza kushuti video, "kaka ninunue zumu au praimu", na mara nyingi anayeuliza hela keshaishika mkononi, anataka jina la lenzi tu akalipie. Mi naomba dukani usiende kwanza. Fanya haya nayoandika hapa, ni kazi ya wiki moja tu na ile lenzi iliyokuja na kamera inatosha, hiyo 18-55 (ni milimita, namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu) usiidharau.

Kwa ambaye ndo kwanza anaanza: zumu unaizungusha inavuta karibu au inarudisha mbali, praimu imekaa palepale, kama ni 35 ni 35, ukitaka karibu unatembea.

Hatua ya 1: jiulize, tukio linakusubiri?

Hapa ndo penyewe. Niliwahi kushuti harusi nikiwa na praimu ya 50 kwenye kamera, bibi harusi anatoka kwao, mama yake akamshika mikono pale mlangoni, na mi nimebanwa kati ya mashangazi na kabati, nikitaka kurudi nyuma hakuna pa kurudi. Nikapata nyuso na kipande cha shela, ile mikono yenyewe iko nje ya fremu. Ilikuwa sekunde 4 au 5 hivi, na huwezi kumwambia mama wa watu naomba urudie. Nilienda kuediti roho inauma kweli.

Tangu siku ile harusi, msiba, mkutano, dokumentari ya kufuatana na watu, naweka zumu ya 24-70 f/2.8 (hiyo f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi). Ila video ya muziki au filamu fupi, ambapo mwigizaji anarudia na taa nimepanga mwenyewe, hapo natumia praimu na sijutii.

Hatua ya 2: bandika tepu

Chukua tepu, funga pete ya zumu yako kwenye 35. Kama kamera yako ni ya sensa ya APS-C (sensa ni kile kipande kinachopokea picha, hii ni ndogo kuliko ya fulu fremu) unazidisha namba ya lenzi kwa 1.5 (Canon 1.6), kwahiyo 35 hapo inakuonyesha kama 50 ya fulu fremu. Shuti siku mbili bila kuibandua, mtu anachoma chapati, fundi viatu, chochote chenye uso na mikono, halafu hamishia 18 siku mbili, kisha 55.

Usiku fungua klipu angalia ulikuwa umesimama wapi. Yule mchoma chapati ukimsogelea na 18 mpaka kifua kijae fremu, nyuma yake unaona banda zima, masufuria, bodaboda zimepaki, kila kitu kidogo na mbali. Rudi nyuma, weka 55, mjaze fremu vilevile, zile bodaboda zimekuja kumwegemea mgongoni. Sasa kuzungusha zumu ukiwa umesimama palepale hakukupi hiyo tofauti, unakata tu kipande cha picha ileile, kinachobadilisha ni miguu yako. Na kwangu hii ndo hasara kubwa ya zumu kuliko hata mwanga, mtu anasahau kutembea, anasimama kona moja ya ukumbi anazungusha tu usiku kucha.

Hatua ya 3: pima mwanga

Kaa sebuleni usiku, taa moja. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50, maana umeme wetu ni 50 Hz na ukiweka 1/60 taa nyingi zinaanza kuchezacheza kwenye video. Vuta 18-55 mpaka mwisho, apacha (ule uwazi wa f) itajifunga yenyewe mpaka f/5.6. Sehemu ambayo praimu ya f/1.8 ingetaka ISO 800 (ISO ni kamera kuipa picha nguvu penye mwanga mdogo), hapo utahitaji kama ISO 8000, na chenga utaziona mwenyewe ukutani. Zumu ya f/2.8 mwanzo mpaka mwisho inasaidia sana, ila bado praimu ya f/1.4 inaingiza mwanga mara 4 ya hiyo.

Lakini usilewe na f/1.8. Kwenye fulu fremu, 50 kwa f/1.8, mtu yuko mita moja na nusu, sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama sentimeta 10 tu, akiinama kidogo umempoteza. Mahojiano mi nafunga mpaka f/2.8 au f/4.

Hatua ya 4: fokasi na gimbo

Vuta zumu mpaka mwisho, weka fokasi kwenye jicho, kisha rudisha taratibu. Zumu nyingi zilizotengenezewa picha za mnato, siyo video, fokasi inahama, kwahiyo usipange shoti ya kuvuta katikati ya maongezi kabla hujajaribu. Na zumu inayorefuka ukiizungusha, uzito kwenye gimbo (kile kishikio cha kutuliza kamera) unahama, inabidi ubalansi upya.

Hatua ya 5: kodi, halafu ndo ununue

Kodi zote mbili, siku moja tu. Kama ugali wako unatoka kwenye harusi, anza na zumu ya f/2.8, baadaye ongeza praimu ndogo ya f/1.8 kwa ajili ya usiku. Kama ni filamu fupi, 35 moja inakutosha kwa muda mrefu. Wenye APS-C kuna Sigma 18-35 f/1.8 iliyotoka 2013, zumu yenye mwanga wa praimu, ila ni nzito, haina kitulizi cha mtikisiko na haivuti mbali.

Hatua ya 6: ukinunua yuzdi (iliyotumika)

Huku pwani unyevu unaleta fangasi ndani ya vioo. Washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi, chungulia kwa mbele, ukiona vinyuzi kama utando wa buibui rudisha, hata kama bei ni tamu. Funga apacha mpaka f/16, vile vibati vya apacha huko ndani viwe vikavu, visiwe na mafuta. Zungusha pete karibu na sikio usikie kama kuna mchanga. Ukifika nayo nyumbani iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya, usiiache kwenye begi la ngozi kabatini.