Posa Moja, Darcy Watatu: Namna ya Kulinganisha Waigizaji wa Pride and Prejudice

Ukitaka kujua nani kamwigiza Bwana Darcy vizuri zaidi kati ya Laurence Olivier, Colin Firth na Matthew Macfadyen, usianze kwa kutazama matoleo yote matatu mfululizo. Utachoka, na kitakachobaki kichwani ni sura, mavazi na muziki. Chukua onyesho moja tu, lisome kwanza kitabuni, kisha lifuatilie katika kila toleo. Kwa riwaya hii ya Jane Austen, iliyochapishwa mwaka 1813, onyesho linalofaa kuliko yote ni posa ya kwanza, katika sura ya 34, ambamo Darcy mwenye kiburi anamwomba Elizabeth Bennet, mhusika mkuu, amwoe.

Linafaa kwa sababu Austen amempa Darcy maneno machache tu ya kufungulia: kwamba amejitahidi bure kuzizuia hisia zake, na kwamba anampenda Elizabeth mno. Yanayofuata anayasimulia kwa mbali. Tunaambiwa Darcy alieleza kwa ufasaha mapenzi yake, na kwa ufasaha uleule akaeleza uduni wa ukoo wa Elizabeth, lakini maneno yenyewe hatuyasikii. Kila mwandishi wa filamu amelazimika kuyatunga, na kila mwigizaji amelazimika kuamua ayatoe kwa moyo gani. Elizabeth, kwa upande wake, majibu yake makali yamo kitabuni karibu yote. Kwa hiyo unao wahusika wawili katika chumba kimoja, mmoja kafungwa na maandishi, mwingine kaachiwa uwanja.

Matoleo matatu yanatosha. La kwanza ni filamu ya mwaka 1940, Greer Garson na Olivier, ya saa mbili hivi. La pili ni tamthilia ya BBC ya mwaka 1995 yenye sehemu sita, Jennifer Ehle na Firth; posa iko mwishoni mwa sehemu ya tatu. La tatu ni filamu ya Joe Wright ya mwaka 2005, Keira Knightley na Macfadyen.

Soma sura ya 34 ukiwa na penseli. Pigia mstari vitu vya aina tatu: mwili unafanya nini, uso unaonyesha nini, na hisia gani imetajwa kwa jina. Utapata kwamba Darcy anaingia, anauliza haraka kuhusu afya ya Elizabeth, anakaa kidogo, anasimama, anatembea chumbani, ananyamaza kwa dakika kadhaa, kisha anamwendea akiwa amefadhaika. Baadaye anaegemea rafu ya juu ya meko na uso unampauka kwa hasira. Elizabeth kwanza anakodoa macho, anaona haya, ananyamaza. Hasira inampanda baadaye, baada ya kusikia ukoo wake unavyodharauliwa.

Usiupite mstari mmoja ambao wengi huupita. Austen anasema Darcy alitaja wasiwasi na hofu, lakini uso wake ulionyesha uhakika kwamba atakubaliwa. Hapo ndipo ugumu wa nafasi hii ulipo: mwili umefadhaika, ilhali uso haujui kwamba kukataliwa kunawezekana. Mwigizaji anapaswa kuyabeba yote mawili kwa wakati mmoja. Liandike hilo juu ya ukurasa wa daftari lako, maana ndicho kipimo.

Sasa tazama. Kila toleo lipe mizunguko minne. Mzunguko wa kwanza ni wa kawaida, bila kuandika chochote. Wa pili zima sauti. Mabega, mikono na macho yataonekana, na utagundua nani anaigiza kwa mdomo tu. Wa tatu geuza skrini usikilize sauti peke yake, ukiangalia mahali mwigizaji anapovuta pumzi na neno analolikazia. Wa nne simamisha kila unapoona jambo, uandike dakika na sekunde. Ondoa maandishi ya tafsiri chini ya skrini katika mizunguko yote isipokuwa wa kwanza, kwa sababu jicho hukimbilia herufi na uso unapotea.

Katika mzunguko wa nne pima pia ukimya kwa saa ya simu: sekunde ngapi zinapita kati ya neno la mwisho la Darcy na neno la kwanza la Elizabeth. Kisha hesabu mara ngapi picha inakatwa kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Picha ikikatwa sana, mhariri ndiye aliyejenga mwendo wa mazungumzo, na sehemu ya sifa ni yake. Ikikaa muda mrefu juu ya uso mmoja, unachokiona ni kazi ya mwigizaji.

Ukifanya hivyo, tofauti zinajitokeza wazi. Firth anakaa, anasimama, anatembea, na maneno aliyotungiwa na Andrew Davies, mwandishi wa hati ya tamthilia ile, kuhusu ukoo duni anayatoa kama mtu anayesoma hesabu ambayo lazima ikubaliwe. Mwili hautulii lakini sauti haina shaka. Ndiye anayekikaribia kipimo kile cha kitabu kuliko wenzake. Macfadyen anafanya jambo jingine kabisa. Onyesho limeondolewa kwenye nyumba ya kasisi, ambako liko kitabuni, na kupelekwa nje, kwenye mvua. Anaongea haraka, anakwama, macho yanaomba. Fadhaa ipo yote, uhakika haupo.

Hapa walinganishaji wengi hukosea kwa kutoa alama moja. Toa mbili. Ya kwanza ni ya ukaribu na kitabu. Ya pili ni ya uthabiti ndani ya toleo lenyewe: je, tulichokiona kabla kinaandaa tunachokiona sasa? Macfadyen anapoteza katika ya kwanza na kushinda vizuri katika ya pili, kwa kuwa filamu imemjenga tangu mwanzo kuwa mtu mwenye haya. Angalia vidole vyake vinavyonyooka baada ya kumsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi. Olivier ana shida ya namna yake: filamu ya 1940 imeongeza onyesho la kulenga shabaha kwa mishale, ambamo Elizabeth anamshinda Darcy, na kiburi cha Darcy kinalainika mapema. Anapofika kwenye posa, ana umbali mfupi wa kuanguka. Hilo ni la hati ya filamu, usimkate alama yeye.

Kwa Elizabeth, kipimo kiko sura ya 10, ambapo tabia yake imeelezwa kuwa mchanganyiko wa upole na utani, kiasi kwamba ni vigumu kwake kumuudhi mtu. Ehle anaushika mchanganyiko huo kwa macho, na tabasamu lake huanza kabla midomo haijasogea. Knightley anacheka waziwazi na hasira yake inawaka upesi. Alikuwa na miaka 19 wakati wa kupiga picha, na Elizabeth wa kitabu hajafikisha 21. Garson alikuwa amevuka 30, na anajibu kama mwanamke ambaye tayari anaijua nguvu yake. Umri wenyewe usiuhukumu. Hukumu kile ambacho umri huo unamfanya mwigizaji afanye.

Mtego mwingine ni muda. Tamthilia ya zaidi ya saa tano inampa Firth nafasi ya kutazama kimya mara nyingi kabla ya posa, na ukimya huo unalipa baadaye. Linganisha dakika za posa zenyewe, kisha andika kando ni maonyesho mangapi yalitangulia. Kuruka kwake ziwani, jambo lililomfanya maarufu, hakumo kitabuni na kunatokea baada ya posa. Liweke nje ya hesabu. Na toleo uliloliona kwanza maishani litazame la mwisho, kwani sauti yake tayari unaisikia unaposoma.

Filamu ya Gurinder Chadha, mzaliwa wa Nairobi, iitwayo Bride and Prejudice ya mwaka 2004, imehamishia hadithi Amritsar katika zama zetu. Hapo usipime sentensi kwa sentensi. Pima kama tusi la ukoo, ambalo huko limekuwa la nchi na utamaduni, linauma kwa kiwango kilekile.

Ukishamaliza Darcy, rudia kazi hiyohiyo kwa Bwana Collins, kasisi mwenye majivuno anayemposa Elizabeth katika sura ya 19. David Bamber wa 1995 anamfanya mtu wa kujikomba, na inachekesha papo hapo. Tom Hollander wa 2005 anaamini kila neno analolitamka, na ua dogo analolitoa linafanya mtu amwonee huruma huku akicheka, jambo gumu zaidi. Melville Cooper wa 1940 mpe ukurasa wake peke yake, kwa sababu filamu ile ilimgeuza Collins kutoka kasisi kuwa mtunza maktaba, na nusu ya majivuno ya mhusika huyu yanatokana na ukasisi wake.