Tozo ya maji ya visima: namna ya kuipanga mpaka ijenge bwawa

Mvua za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zikikatika mwezi wa tano, hazirudi mpaka Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo mkulima wa nyanya wa Ilula na mwenye bustani ya mboga kandokando ya Mbeya wote wanategemea pampu. Kila kisima kipya kinavuta maji yaleyale ya jirani, hasa kwenye miamba ya granaiti ya Iringa, ambako maji hukaa kwenye tabaka la mwamba uliolainika kuwa udongo na kwenye nyufa za mwamba tu. Tozo kwa kila uniti (lita 1,000) inayovutwa inaweza kulipia mahali pa kuhifadhi maji ya masika, lakini ipangwe kwa utaratibu. Mpangilio huu unazifaa jumuiya za watumia maji zenye visima vya pampu kati ya ishirini na mia moja.

Anzeni na uhalali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuvuta maji kwa biashara au umwagiliaji kunahitaji kibali cha bodi ya bonde, na bodi hutoza ada yake. Sehemu kubwa ya Iringa na Usangu iko chini ya Bonde la Rufiji, lenye ofisi Iringa mjini. Bonde la Ziwa Rukwa lina ofisi Mbeya. Rungwe na Kyela ziko Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi Tukuyu. Tozo yenu ni kitu kingine kabisa, na mwananchi aelezwe hivyo tangu siku ya kwanza, la sivyo atasema analipishwa mara mbili. Iandikeni kwenye katiba ya jumuiya iliyosajiliwa na bodi ya bonde. Mkitaka iwabane hata wasio wanachama, inahitaji sheria ndogo: mkutano mkuu wa kijiji uijadili, halmashauri ya kijiji iipitishe, kisha halmashauri ya wilaya iiidhinishe. Muhtasari wa mkutano peke yake hautoshi. Mtu mmoja akikataa kulipa na kwenda mbele ya sheria, tozo yote inaweza kuanguka.

Visima vya kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani viacheni nje ya tozo. Mama anayeteka maji ya kupikia hakaushi mwamba, na mkimgusa mtapoteza imani ya kijiji kizima.

Hatua ya pili ni daftari. Kwa kila kisima andikeni mwenye kisima, alama za GPS, kina, aina ya pampu, namba ya kibali, na kina cha maji yaliyotulia, yaani umbali kutoka juu mpaka usawa wa maji. Kipimo hicho kichukuliwe asubuhi kabla pampu haijawashwa, kwa kamba yenye alama kila nusu mita, kuanzia ukingo uleule wa bomba. Pimeni mwisho wa Mei na mwisho wa Novemba kila mwaka. Bila namba hizo hakuna atakayejua kama bwawa lenu limesaidia visima.

Sasa mita, na hapa ndipo tozo nyingi hufia. Mita inataka bomba lililonyooka kabla na baada yake: mara kumi ya kipenyo upande wa kuingia, mara tano upande wa kutoka. Kwa bomba la inchi mbili, hiyo ni nusu mita kabla na robo mita baada. Fundi akiifunga karibu na kona au koki, maji yanaingia yakizunguka na namba inapotoka. Bomba lazima lijae, kwa hiyo mita ikae sehemu ya chini au mahali bomba linapopanda, kamwe si kileleni ambako hewa hujikusanya. Hewa inazungusha mita kama maji, na mkulima atalipia upepo. Tangulizeni chujio, kwa sababu kisima kinachotoa mchanga hula meno ya mita ndani ya msimu mmoja. Wekeni valvu ya kuzuia maji kurudi, fungeni maungio kwa waya na lakiri, na andikeni namba ya lakiri kwenye daftari. Kwenye kusoma, tarakimu nyeusi ni uniti, yaani lita 1,000 kila moja; nyekundu ni vipande vya uniti. Tozeni nyeusi tu. Msomaji asome mwenye kisima akiwapo, na wote wawili watie saini.

Kisima kisicho na mita hupimwa kwa pipa. Chukueni pipa la lita 200, washeni pampu mpaka mtiririko wa maji utulie, kama dakika kumi na tano hivi, kisha pimeni muda kwa saa ya simu. Likijaa kwa sekunde 200, pampu inatoa lita moja kwa sekunde, sawa na uniti 3.6 kwa saa. Akivuta saa sita kwa siku, ni uniti 21.6. Rudieni kipimo Oktoba bila kukosa. Maji yakishuka, pipa lilelile linaweza kuchukua sekunde 250, na pampu sasa inatoa uniti 2.88 kwa saa. Mkiendelea na kipimo cha Juni mnamdai robo zaidi ya anachovuta, na atakuwa na haki ya kugoma.

Kiwango cha tozo kipangwe baada ya vipimo, kisitangulie. Ekari moja ya nyanya yenye mahitaji ya milimita 5 kwa siku hutumia karibu uniti 20 kwa siku; kwa siku 120 ni uniti 2,400. Tuseme mna visima arobaini, kila kimoja kikilisha ekari moja: jumla uniti 96,000. Kwa mfano wa shilingi 50 kwa uniti, mkulima analipa 120,000 kwa ekari na dai lote ni milioni 4.8. Hesabuni kwamba asilimia 80 ndiyo italipwa: 3,840,000. Toeni asilimia 15 ya msomaji, lakiri na matengenezo, mnabaki na 3,264,000. Misimu mitatu inaleta 9,792,000. Hesabu hii ibandikwe ubao wa kijiji kabla ya kura. Anayemwagilia kwa mfereji atavuta zaidi na kulipa zaidi. Mwenye umwagiliaji wa matone atalipa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Malipo yadaiwe baada ya mavuno, maana mkulima hana fedha Julai wakati ananunua dawa na mbolea.

Sasa swali ambalo wengi hawaliulizi: hifadhi hiyo itashika kiasi gani? Lambo la kuchimba lenye uniti 3,000 linatosha ekari moja na robo tu, kabla jua halijachukua lake. Kwa milimita 5 kwa siku, miezi sita ya kiangazi hula karibu sentimita 90 za kina. Lambo la kina cha mita mbili linapoteza karibu nusu. Kwa hiyo msiwaahidi watu arobaini kwamba lambo litachukua nafasi ya visima vyao. Tunaona fedha inazaa zaidi kwa njia mbili: tuta la udongo linaloziba bonde jembamba, ambapo udongo mchache unashika maji mengi, au kazi ya kurudisha maji ardhini juu ya visima, yaani makingamaji ya kontua (matuta yanayokatisha mteremko kwa usawa), na tuta la mawe na saruji kwenye makorongo ya mchanga ya maeneo makavu kama Isimani, ambako mchanga huficha maji yasiliwe na jua. Kule Orange County, California, nchini Marekani, ambako mamlaka ya maji iliundwa mwaka 1933, wenye visima hulipa kwa ujazo wanaovuta, na kazi kubwa ya mamlaka hiyo ni kurudisha maji chini.

Mkichagua tuta la udongo, ombeni kibali cha bodi ya bonde na mchoro wa mhandisi. Kisha simamieni mambo haya wenyewe. Mtaro wa msingi uchimbwe mpaka udongo wa mfinyanzi. Ukiishia kwenye mchanga, maji yatapita chini ya tuta. Udongo ushindiliwe kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20 ukiwa na unyevu wa kufinyangika mkononi bila kuchuruzika. Mteremko wa upande wa maji uwe mita tatu kwa kila mita moja ya kimo, upande wa nje mbili kwa moja, na juu pabaki upana wa mita tatu. Njia ya maji ya ziada ipite kwenye ardhi ya asili pembeni, kamwe isipite juu ya tuta. Pandeni nyasi, msipande miti: mizizi ikioza inaacha matundu. Kwa kurudisha maji ardhini ni kinyume: sakafu inayovuja ndiyo nzuri, na kazi ni kukwangua tope kila kiangazi.

Jambo moja la mwisho la kuangalia. Mkitoza visima na kuacha pampu za mtoni bure, wenye uwezo watahamishia mabomba mtoni, na walioko chini ya mto na wenye vinyungu (bustani za kiangazi za mabondeni) watakaukiwa. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Ongeeni na bodi ya bonde ili vibali vya mtoni vikaguliwe msimu uleule mnaoanza tozo.

Fedha zikae akaunti ya peke yake yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe kiongozi wa kijiji. Posho za vikao zilipwe kutoka kwenye ile asilimia 15 tu, na kila Januari orodha ya uniti, malipo na madeni ya kila kisima, cha mwenyekiti kikiwa cha kwanza, ibandikwe ubaoni.