Kabla Hujalipia Nyumba Mpya Mwanza, Zunguka Kwanza

Wauzaji wa nyumba wana muda wao wanaoupenda: Jumamosi asubuhi, kiangazi, rangi bado inanukia na ziwa linameta kwa mbali. Wewe nenda siku nyingine. Nenda jioni ya siku ya kazi, na ukibahatika nenda mvua ikinyesha. Vigae na madirisha ya alumini utaviona tu, haviendi popote. Vinavyotaka kuchunguzwa ni vile ambavyo havimo kwenye picha za tangazo.

Umeme: kila nyumba iwe na mita yake ya LUKU. Mita ya kuchangia ni ugomvi wa kudumu na jirani. Tuendelee.

Maji yanataka maneno mengi kidogo. Anayehamia kutoka mkoa mwingine hudhani kwamba Mwanza, na ziwa lile pale, shida ya maji itoke wapi? Ziwa liko chini, nyumba zinapanda mlimani. Maji yasukumwe kwanza na pampu hadi kwenye matanki ya juu ndipo yateremke kwako. Mtambo wa Butimba, wenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, umepunguza makali, lakini anayekaa mwisho wa bomba juu ya mwamba hana uhakika sawa na wa bondeni. Usiulize kama maji yapo, maana utaambiwa yapo. Uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, na usimuulize dalali, muulize mama mwenye genge pale kona. Ukikuta kila nyumba ina simtanki mbili na watoto wanapita na madumu, umeshajibiwa. Omba pia kuona ankara ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ya mtu ambaye tayari anaishi pale.

Usafiri nao ujaribu mwenyewe. Panda daladala saa kumi na mbili asubuhi kutoka huko kwenye mradi hadi mjini, kama utakavyopanda siku za kazi. Kama unatazama upande wa Kisesa, jua kwamba mgonjwa wako wa usiku atapitishwa Igoma na Nyakato ndipo afike hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure. Kwa hiyo ulizia kituo cha afya cha karibu, na kama usiku kina mtu au kina mlinzi tu. Na bodaboda wakikuambia mvua ikinyesha hawapandi huko, waamini.

Sasa choo. Hapa naomba utulie.

Sehemu kubwa ya Mwanza haijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Kule mjini yapo, na baadhi ya mitaa ya milimani kama Igogo na Mabatini imewekewa mabomba membamba yanayoteremka katikati ya mawe. Huku pembezoni, kunakoota miradi mipya, kila mtu na mashimo yake. Shimo la kwanza linashika uchafu mzito, la pili linapokea maji ili ardhi iyanyonye. Mpango mzuri kabisa, mradi kuwe na ardhi. Mwanza ukifukua udongo kidogo tu, mara nyingi unakutana na jiwe.

Shemeji yangu alinunua nyumba kwenye mradi mmoja upande wa Buswelu. Nyumba nzuri, sisemi uongo, jiko lenye makabati na baraza ya kukalia jioni. Alihamia Julai. Hadi Oktoba hakuna aliyelalamika. Vuli ilipoanza, choo cha watoto kikawa kinavuta kwa kusuasua, kisha kikaanza kuguguma usiku. Akaitwa fundi, akamwaga dawa, akachukua hela yake akaondoka.

Siku ya kuja wageni wa posa ya binti yake, viti vimepangwa uani, sato wako jikoni, mfuniko wa zege ukaanza kutoa povu pembeni. Kwanza povu, halafu maji meusi yakichuruzika taratibu kuelekea kwenye viti. Watoto wakatumwa kuhamisha viti upande wa geti. Wageni ni watu wazima, walijifanya hawaoni, lakini harufu haijifichi.

Gari la kunyonya maji taka lilikuja kesho yake likaishia chini, kwenye mchepuko. Barabara ya mradi ilikuwa ya moramu na mvua ilikuwa imeichimba mitaro. Dereva akatazama juu, akatikisa kichwa: "Mama, mpira wangu haufiki huko, na nikipanda sishuki." Akatafutwa fundi mwingine, huyu akachimba pembeni. Sururu ikagonga mwamba kabla hajazama kiunoni. Akapanda juu, akajifuta jasho, akasema, "Mama, hili halijawahi kuwa shimo. Wamekujengea beseni." Na beseni lenyewe lilikuwa la nyumba tatu, mabomba yamepita chini kwa chini, yeye akiwa wa mwisho mteremkoni. Mkandarasi hapatikani kwenye simu. Mwenyekiti wa mtaa aliita kikao, watu wakafokeana, na mwishowe majirani wenyewe wakachanga wakajenga shimo jipya upande ulio na udongo.

Kwa hiyo uliza, na usione haya: shimo lina kina gani, limechimbwa kwenye udongo au kwenye mwamba, linatumiwa na nyumba ngapi, na gari la kunyonya litasimama wapi. Omba picha za wakati wa kuchimba. Mjenzi aliyechimba vizuri anazo kwenye simu na atakuonyesha kwa kujisifu. Kama ujenzi bado, chimba kishimo, kijaze maji, urudi kesho. Ukiyakuta yametulia vilevile, hapo pana kazi. Na kama kuna kisima cha kuchimba, tazama kiko umbali gani na hayo mashimo, na kipi kiko juu ya kingine.

Ufukweni nako pana mtego. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa lenyewe halikai sehemu moja: mwaka 2020 lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu, na 2024 likapanda tena. Kwa hiyo anayekuambia "unatoka sebuleni unanawa miguu ziwani" anakuuzia kesi. Watoto wakichezea maji ya pembeni kuna kichocho pia, hilo halimo kwenye kipeperushi.

Sikiliza sauti za mahali. Mlima wenye mawe mazuri unaweza kuwa na watu wanaogonga kokoto tangu alfajiri. Jumamosi usiku utajua kama kuna baa. Tazama mawe ya mlimani yaliyo juu ya paa lako, nini kinayashika. Washa taa ya nje jioni uone wadudu wa ziwani wanavyojaa, ndipo uamue kuhusu nyavu za madirisha. Ulizia takataka zinazolewa siku gani na nani anamlipa mlinzi. Barabara ya kuingilia, je, imo kwenye ramani au imepita kwenye kiwanja cha mtu ambaye kesho atajenga ukuta? Hilo kaulize ofisi ya ardhi, usimuulize muuzaji. Shule, hesabu mitaro ambayo mtoto wa darasa la kwanza ataivuka. Na usitoe hela ya kushikilia nafasi bila risiti yenye muhuri, hata kama dalali mnasali naye kanisa moja.