SOMO: Kwa nini wasomaji hawamwonei huruma mzimu wako wa kisasi

Wakuu, nimechoka. Kila anayeandika riwaya ya kutisha hapa Mwanza ananitumia mswada na swali lilelile: "Mbona mzimu wangu hawamwonei huruma?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

1. Mahali. Nyumba kuukuu iliyobanwa na mawe kule Isamilo inatosha. Kasri waachie Wazungu.

2. Jina, kazi, na kitu kidogo alichokitaka. Wangu ni Kabula, mwanika dagaa wa mwalo (ufuko wa kushushia samaki) wa Igombe, mwaka 1988. Kwa Kisukuma ni jina la mvua, na mvua ndiyo adui wa dagaa wake. Alitaka bati 20 tu.

3. Dhuluma. Hapa niliharibu. Rasimu ya kwanza nilimrundikia kila balaa: mume mlevi, mtoto kafa, nyumba imeungua, halafu akazamishwa ziwani. Nikamsomea dada yangu, akacheka: "Huyu hana kisasi, ana mkosi." Kweli. Mkosi hauna mdaiwa, na mzimu wa kisasi ni mdai. Nikafuta yote, nikabakiza moja. Kabula alimkopesha mwenye mtumbwi hela ya mafuta ya karabai, taa ya pampu ya kuvulia dagaa. Mtumbwi ukarudi umejaa. Alipodai akaulizwa, "Wewe nani?" mbele ya wanawake wenzake, nao wakainama kuchambua dagaa. Usiku akamfuata mtumbwini. Asubuhi ilielea kanga yake tu.
Angalizo: usimuue mtoto kwa sababu umekosa la kuandika. Angalizo la pili: usimwage yote kwa mbinu rejeshi ya sura nzima. Ndoo tupu mlangoni sura ya 2, jina sura ya 5, wale walioinama wabaki hadi karibu na mwisho, maana wao bado wako hai na wanapika chai jirani.

4. Kisasi kimpite mkosaji, kimguse mjukuu asiyejua lolote. Bila hapo una msiba, huna kitisho.

5. Usimlete gizani. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka wanalala majumbani. Mdai mwenye akili huja mdaiwa akiwepo.

MASWALI

— Mkuu nifupishie, ndefu sana.
— Soma.

— Wangu aliuawa na jambazi asiyejulikana, sasa anaua kila mtu. Iko poa?
— Namba 3.
— Nimeisoma, ila kila mwandishi ana staili yake.
— Sawa. Basi na hiyo huruma usiniulize.

— Shikamoo dada. Niko Ukerewe. Lazima mwisho aje mganga? Naona kama njia ya mkato.
— Marahaba mdogo wangu, umeona vizuri. Mganga anafukuza mdai, deni linabaki palepale. Tazama Japani. Sugawara no Michizane, kiongozi wa ikulu, alisingiziwa, akapelekwa uhamishoni Dazaifu, akafia huko mwaka 903. Maafa ya mji mkuu yakaonekana ni hasira yake, hasa radi ilipopiga ikulu mwaka 930. Hawakumfukuza. Walimrudishia cheo, wakamjengea hekalu, na leo wanafunzi humwomba wafaulu mitihani. Kwa hiyo jiulize: mjukuu wa mwenye mtumbwi anarudisha nini, na anamkabidhi nani?
— Bati 20?
— Bati sawa. Ila Kabula hana nyumba wala kaburi, zitaezekwa wapi? Mimi swali hilo lilinila miezi.
— Nyumbani kwa mmoja wa wale walioinama.
— Ungekuwa karibu ningekununulia sato.

— Karabai gani tena? Siku hizi ni taa za sola.
— Mwaka umeandikwa namba 2.
— Haya yaishe. Basi weka na sauti yake: inavuma shhh, upepo ukipungua mwanga unafifia unakuwa mwekundu, mtu anainuka kupiga pampu.
— Hiyo naichukua.

— Na harufu ya dagaa walionyeshewa. Kanga inafuliwa, haitoki.
— Imo, sura ya 2, kwenye ndoo.