Namna ya Kupima Kama Bei Uliyolipa kwa Volkswagen Beetle ya Zamani Ilikuwa ya Haki

Mwezi uliopita mpwa wangu alinunua Volkswagen Beetle, gari lake la kwanza la kale, kutoka kwa familia moja ya Upanga, hapa Dar es Salaam. Siku ya tatu alilileta nyumbani kwangu Tabata, na kabla hatujamaliza kusalimiana akaniuliza: "Mjomba, hapa nimenunua gari au nimepigwa?" Nilimwambia kwamba swali hilo lina jibu, ila halipatikani kwa kutazama rangi wala kwa kusikiliza injini inavyowaka. Thamani ya Beetle imekaa kwanza kwenye namba na hati zake, kisha kwenye chuma cha sakafu, na injini hufuata mwishoni. Utaratibu tulioufuata ni huu.

Hatua ya 1: Vifaa

Andaa tochi kali, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi, brashi laini ya shaba, mafuta ya taa, jeki pamoja na stendi zake, na kadi halisi ya gari, si nakala.

Hatua ya 2: Namba ya chesisi

Watu wengi hufungua boneti ya mbele, wakasoma kibati kilichopo huko, wakaridhika. Mimi nilifanya hivyo kwa Beetle yangu ya kwanza, na nililipia kosa hilo kwa siku nzima ya Jumamosi. Kibati kimeshikiliwa kwa ripiti tu na kinaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, kwa hiyo peke yake hakithibitishi chochote. Namba yenyewe imegongwa kwenye chuma cha uti wa kati unaopita katikati ya sakafu, na utaiona ukiondoa kiti cha nyuma, karibu na kifuniko kidogo cha kufikia maungio ya fimbo ya gia.

Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu magari mengi ya hapa mjini yamepakwa lami au rangi nzito sakafuni ili kuzuia kutu, na namba hufunikwa kabisa. Siku ile mimi niliitafuta kwa saa kadhaa, nikakata tamaa, nikachukua grenda. Niliipata, lakini tayari nilikuwa nimekwaruza vichwa vya tarakimu mbili, na namba iliyokwaruzwa humfanya mkaguzi yeyote ashuku kuwa imechezewa. Nakuomba usitumie grenda, usitumie msasa mkavu, wala usimruhusu fundi apashe moto sehemu hiyo. Lowesha kwa mafuta ya taa, subiri angalau nusu saa, sugua taratibu kwa brashi ya shaba, ufute, kisha urudie. Ikishaonekana, mulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kizichore tarakimu, upige picha, halafu ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu.

Namba hiyo pia inakuambia umri wa gari. Kuanzia modeli ya mwaka 1965, namba ya sedani ya kawaida huanza na 11, na tarakimu ya tatu ni ya mwisho ya mwaka wa modeli: 115 ni 1965, 118 ni 1968. Kuanzia modeli ya 1970 namba zikawa na tarakimu kumi, na 110 ni 1970. Zingatia kwamba mwaka wa modeli ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia, hivyo tofauti ya miezi michache na kadi si udanganyifu. Mpwa wangu aliambiwa gari ni la 1966, lakini namba yake ilianza na 110. Ililingana na kadi, jambo lililo muhimu zaidi, ila maneno aliyouziwa hayakuwa sahihi.

Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, chini ya stendi ya dainamo. Isipolingana na kadi usishtuke, kwa kuwa injini ya Beetle hushikiliwa na bolti nne na hubadilishwa kwa urahisi. Hata hivyo mabadiliko hayo yanapaswa kurekebishwa TRA (Mamlaka ya Mapato), na gharama yake uihesabu. Angalia vilevile jina lililo kwenye kadi. Magari mengi ya umri huu wenyewe wamekwishafariki, na aliyekuuzia hana mamlaka ya kuuza mpaka awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili hauzibi pengo hilo.

Hatua ya 3: Chuma

Pitisha sumaku sehemu za chini za milango na za bodi. Inapolegea, pana puti nene, yaani dawa ya kujazia mashimo ya bodi. Madigadi yenye kutu yasikutie hofu, kwani hufungwa kwa bolti. Hofu yako iwe chini ya betri, upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, ambako asidi hula sakafu, na kwenye mifereji ya hewa ya moto iliyo chini ya milango. Kwetu Dar es Salaam hakuna anayehitaji hita, na mafundi wengi huizibazibia mifereji hiyo kwa puti au faiba, ilhali ndiyo inayoipa bodi nguvu. Mimi sikubali faiba mahali hapo: ni bati jipya lililochomelewa, au bei ipungue. Gari lililolala karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, likague mara mbili.

Hatua ya 4: Injini

Zima injini, shika puli ya chini ya fenibelti, ile ya krenki, kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma kuelekea mbele na nyuma ya gari. Mwisho wa mchezo wa krenki unaokubalika ni milimita 0.15, kiasi ambacho mkono hauhisi vizuri. Ukisikia inagonga, weka kwenye hesabu gharama ya kufungua injini yote. Hakikisha mpira unaozunguka injini upo, kwa maana injini hii hupozwa kwa hewa, na bila mpira huo huvuta tena hewa yake ya moto kwenye foleni ya Ubungo. Mipira ya petroli badilisha leo hii, hata kama inaonekana mizima, kwa sababu ndiyo inayounguza magari haya.

Hatua ya 5: Barabarani

Endesha, funga breki, sikiliza gia.

Hatua ya 6: Hesabu

Chukua bei uliyolipa, ongeza gharama za hati, chuma na injini, lakini usiongeze tairi, betri wala plagi, kwani hizo ungezinunua kwa gari lolote. Bei za matengenezo ziulize kwa mafundi wawili wa eneo la Gerezani, na uulize ya kazi nzima, si ya kutwa. Tuseme umelipa milioni 7 na matengenezo ni milioni 2. Kama Beetle nzima ya aina hiyo inauzwa milioni 9 au zaidi, umelipa haki.

Kwa mpwa wangu chuma kilikuwa kizuri na hesabu ilikubali, isipokuwa kadi ilikuwa bado na jina la marehemu. Kwa bahati alikuwa hajamaliza malipo. Tulirudi Upanga pamoja, tukazungumza na mjane kwa heshima, na familia ikafungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo; kiasi kilichobaki atakikabidhi siku kadi itakapotoka kwa jina lake.