Namna ya kuisoma nguvu laini ya China, ukianzia kwenye reli

Nilizaliwa Mlimba, kwenye nyumba za reli. Baba yangu alikuwa fundi wa njia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na China, na hadi anastaafu alikuwa akimwona Mchina humwamkia kwa neno moja tu, "pengyou", yaani rafiki. Leo nafundisha historia sekondari hapa Mbeya, na kila mwaka wanafunzi wa kidato cha sita huniuliza swali lilelile: Mwalimu, Mchina anatupendea nini? Hilo ni swali la nguvu laini, yaani ushawishi ambao nchi huupata kwa kuvutia wengine, si kwa kuwalazimisha. Siku hizi siwapi jibu. Nawapa kazi ya kufanya, na ndiyo hii.

Anzia nyumbani. Chukua daftari, mkalie mzee wa ukoo wako, umuulize alikutana lini kwa mara ya kwanza na mtu au kitu kutoka China. Mama yangu atakutajia baiskeli ya Phoenix na bakuli za bati zenye maua. Andika, kisha utafute vitu hivyo vilifikaje dukani. Sehemu kubwa ya gharama za ndani za ujenzi wa reli, mishahara ya vibarua ikiwemo, ililipwa kwa fedha iliyotokana na kuuza bidhaa za China kwenye maduka yetu. Kwa hiyo mfanyakazi alilipwa, akaenda dukani, akarudi na bakuli. Nchi ya mbali iliingia jikoni kwetu kabla hatujaisoma kwenye ramani.

Ukishapata hayo, ifuatilie reli yenyewe, na usiiharakishe, maana mengine yote yamesimama juu yake. Jiulize kwanza nani alikataa. Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, Zambia ya Kaunda ilibaki na shaba yake bila njia salama ya kwenda baharini. Benki ya Dunia na Waingereza walikuwa wamekwisha kusema reli ya kuja Dar es Salaam haina faida. China ilikubali, nayo wakati huo ilikuwa nchi maskini. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967: mkopo usio na riba, ambao baadaye kiasi chake kilipangwa kuwa yuan milioni 988. Ujenzi ukaanza mwaka 1970, na kufikia 1975 kilomita 1,860 zilikuwa zimetandikwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Taifa linaloinuka huingia kwa mlango ambao wakubwa wameufunga. Ukichunguza msaada wowote, anza na mlango huo.

Halafu uliza waliishije. Januari 1964, akiwa ziarani Afrika, Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya China, na mojawapo ilisema mtaalamu wa Kichina ataishi kwa kiwango kilekile cha mtaalamu mwenyeji. Kwenye karatasi ni sentensi kavu. Kwa baba yangu ilikuwa mhandisi aliyeshika ncha ya taruma la zege pamoja na vibarua, akala wali kwenye kopo, jioni akamwagilia bustani ya mboga kando ya kambi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, milima, madaraja na mahandaki, na wapo waliofia humo, wao na wetu. Baba alikuwa hasemi "China". Alikuwa anasema "wale jamaa". Nimesoma mikataba mingi, lakini sijaona kipimo cha ushawishi kinachozidi hicho.

Sasa weka tarehe mbili pembeni kwa pembeni, ya mkataba wa reli na ya kura moja ya Umoja wa Mataifa. Reli ikiwa katikati ya ujenzi, tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa uliipa Beijing kiti cha China, kilichokuwa mikononi mwa Taiwan, kwa kura 76 dhidi ya 35, na miongoni mwa waliolipigania azimio hilo alikuwa balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29. Hapa wanafunzi wangu hukimbilia kuandika kwamba kura ilinunuliwa kwa reli. Nawarudisha. Tanzania ilikuwa na msimamo huo tangu kabla ya mkataba wa reli. Nguvu laini inapokuwa imekomaa, rafiki hukusimamia bila kupewa bei, na ndiyo maana ni vigumu kuiona kwenye hesabu.

Viwanja vya mpira nitavipita haraka: Amaan kule Zanzibar, 1970, na ule wa Mkapa, 2007. Jengo huonekana kirahisi, tena hupigwa picha. Uliza tu nani analitunza baada ya utepe kukatwa. Utapata zaidi kwa madaktari. Timu ya kwanza ilifika Zanzibar mwaka 1964, na mkoa wa Jiangsu umekuwa ukileta madaktari kwa zamu, hospitali ya Mnazi Mmoja na kule Pemba. Mtu aliyeponywa jicho hahitaji hotuba.

Lugha, hapo kaa tena. Redio Peking, yaani ya Beijing, ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na Kiswahili kimekuwa kikifundishwa katika vyuo vya Beijing tangu miaka hiyo ya 1960. Mwaka 2011 TBC, televisheni yetu ya taifa, ikaonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya binti Doudou na mama wakwe zake. Jirani zangu walikuwa wakija kwetu kuiangalia na kubishana kuhusu wakwe zao wenyewe. Machi 2013 Rais Xi Jinping akaitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake Dar es Salaam. Fanya zoezi hili: hesabu tamthilia zetu zilizotiwa sauti za Kichina. Daftari litakuonyesha upande gani unasikilizwa zaidi.

Kisha tenganisha walengwa. Taasisi za Confucius, vituo vya kufundisha lugha na utamaduni wa Kichina, ya Nairobi mwaka 2005, za Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2013, hulenga vijana. Mwanafunzi wangu mmoja alipita huko, leo ni mkalimani kwenye mradi wa barabara na analea wadogo zake wanne. Shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa 2022 kwa fedha za Chama cha Kikomunisti cha China, hulenga makada wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Hii ya pili inanipa wasiwasi, kwa sababu kada husikiliza chama chake, ilhali baba yangu alisikiliza moyo wake.

Mwisho nenda Kariakoo, ukapime mvuto unapokutana na riziki. Mchina wa dukani haishi kama wale jamaa wa kambini, na mchuuzi wetu anamwona mshindani. Julai 2025 serikali iliwazuia wageni kufanya biashara ndogo za aina 15, kuanzia saluni hadi kutengeneza simu. Miezi kumi kabla yake, marais wa China, Tanzania na Zambia walikuwa Beijing wakishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA. Andika yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Ukiwa Dar, panda daladala uende Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya Wachina waliofia reli. Nenda na yule mzee uliyeanza naye, umwache azungumze. Wewe andika.